Fundi wa gitaa wa elfu ishirini na tano: nimwamini au nitafute hela ya duka?

#1 Mwimbaji_Tabata

Wakuu, heshima kwenu. Naomba ushauri kabla sijafanya kitu nitakachojutia.

Nina gitaa kavu (lisilo la umeme), Yamaha F310, nililinunua mkononi kwa mtu mwaka 2021 kwa laki mbili na nusu. Ndilo ninalopigia kwaya ya vijana na ndilo ninalofundishia watoto wawili wa jirani wanaonilipa elfu kumi kumi kwa mwezi, kwa hiyo si pambo la sebuleni.

Tangu masika yaishe nyuzi zimenyanyuka. Ukishika kordi ya F pale mwanzoni vidole vinalia, ukifika freti ya 7 (zile chuma za shingoni) unakuwa kama unabonyeza kamba ya kuanikia nguo. Halafu halikai kwenye sauti. Nalityuni kabla ya ibada, wimbo wa pili uzi wa tatu umeshashuka, na nikiukaza unalia "ting" halafu unaruka juu kupita ninapotaka.

Nimelipeleka duka moja la vyombo Kariakoo. Kijana wa kaunta akaliangalia kama sekunde kumi, akasema shingo imepinda, matengenezo laki moja na nusu, au niongeze hela nichukue jipya. Jamaa yangu mpiga besi akanielekeza kwa fundi mmoja Manzese. Hana kibao wala fremu, anafanyia kazi barazani kwake, magitaa mawili yananing'inia ukutani na lingine limefunuliwa kifua juu ya meza. Yeye bei yake elfu ishirini na tano, kila kitu.

Sasa niseme ukweli wangu: bei hiyo ndiyo inanitia wasiwasi. Angesema elfu themanini ningemwachia gitaa palepale. Elfu ishirini na tano nimerudi nalo nyumbani.

#2 Kibarua_Huru

Elfu ishirini na tano ni chipsi kuku na nauli ya kurudi. Huyo fundi maiko mkuu. Utaacha gitaa utarudishiwa zeze.

#3 Pakashume

Uzi wa gitaa lazima uwe na nyuzi sita. Nakaa hapa kwenye ule wa kwanza, nitateleza taratibu.

#4 Freti_ya_12

Mleta uzi, unauliza umwamini nani wakati hujui gitaa linaumwa nini. Ukienda kwa yeyote bila kujua, umeenda kununua maneno. Lipime mwenyewe usiku huu, huhitaji kifaa.

Chukua kadi za benki, zile laini zisizo na namba zilizotuna. Kadi moja ina unene wa milimita 0.76. Zipange, ziingize chini ya uzi wa sita, ule mnene, juu ya freti ya 12. Zikipita tatu kwa shida, upo kama milimita 2.3, na gitaa kavu hapo ni pazuri. Zikipita tano, ndiyo maana vidole vinalia.

Pili, kata karatasi ya kawaida, ijaribu nyuma ya briji (kile kibao cha kifuani kinachoshika nyuzi), upande wa mkia, pale mbao ya briji inapokutana na kifua cha gitaa. Ikiingia, briji inang'oka, na hiyo ni habari kubwa. Isipoingia, shukuru.

Tatu, bonyeza uzi wa sita kwenye freti ya 1 na ya 14 kwa pamoja. Uzi ukiwa hivyo ni rula iliyonyooka. Angalia nafasi kati yake na freti ya 7. Karatasi mbili zikipita bila kubanwa, shingo iko sawa. Ikipita kadi nzima, shingo imevutwa mbele na inahitaji kukazwa chuma cha ndani. Kukazwa, sikusema kubadilishwa.

Na hiyo "ting" yako haina uhusiano na shingo. Uzi unanaswa kwenye mfereji wa nati (sisemi nati ya bolti, nasema kile kipande cheupe cha juu karibu na vikazio). Unakaza, unagoma, unagoma, halafu unachomoka. Legeza uzi, utoe kwenye mfereji, chora mfereji kwa penseli mpaka uwe mweusi, rudisha. Risasi ya penseli inalainisha. Gharama yake ni penseli ya mtoto wa jirani.

#5 Mwimbaji_Tabata

Nimepima. Kadi nne zimepita, ya tano imegoma. Karatasi nyuma ya briji haiingii popote, nimezunguka nayo kama ninasafisha kucha. Shingo: karatasi nne zimepita, kadi haikupita. Penseli nimepaka, ting imepungua sana, siyo yote.

#6 Freti_ya_12

Kadi nne ni milimita tatu hivi. Shingo imelegea kidogo, siyo ugonjwa. Kifua kimevimba kidogo kwa unyevu wa masika, ni kawaida ya Dar. Hapo kuna kazi ya mkono wa mtu mmoja, asubuhi moja. Laki moja na nusu sijui inaenda wapi.

#7 Mlipakodi_Mtiifu

Inaenda kwenye kodi ya fremu, leseni, mashine ya risiti (EFD) na mshahara wa huyo kijana mnayemcheka. Duka likiharibu gitaa lako una risiti na una mahali pa kwenda kugomba. Huyo wa barazani akihama Manzese kwenda Mbagala utamdai wapi? Ukinunua dai risiti, wimbo huo mmeuimba shule nzima, leo mmeusahau.

#8 Niliyekuwa_Kaunta

Mlipakodi, nakuheshimu, ila ngoja nikuambie kitu. Nimekaa kaunta ya duka la vyombo miaka miwili, sitalitaja. Hatukuwa na fundi. Gitaa likija asubuhi tunampa mteja karatasi, jioni nalifunga kwenye mfuko, napanda nalo boda mpaka kwa mzee mmoja mtaani. Yeye alikuwa akilipwa elfu ishirini, mteja analipa laki na kitu. Mteja akirudi kulalamika, tulikuwa tunamrudia mzee yuleyule.

Sisemi maduka yote. Yapo yenye fundi wake na benchi lake, na ukiomba uione meza ya kazi wanakupeleka nyuma wanakuonyesha. Basi uliza hilo tu: "Nani atalishika, na naweza kumwona?" Wakianza kuzungukazunguka, ujue gitaa lako litapanda boda.

#9 Mlipakodi_Mtiifu

Hiyo sikuijua. Lakini risiti bado ni risiti.

#10 Kisauni_Boy

Hamjambo ndugu zangu wa bara. Mimi niko Mombasa, na haya mambo ya rahisi yashaniumiza, methali yetu ni ile ile, rahisi huvunja upishi.

Nalikuwa na gitaa la umeme, la mtumba kutoka Ulaya, pikapu zake za asili. (Pikapu za gitaa, zile za kunasa sauti ya nyuzi, si gari, maana juzi nilimwambia shemeji pikapu yangu imeibiwa akataka kwenda polisi.) Swichi ikawa inakatakata, nikalipeleka kwa jamaa mmoja, bei ya kutupa, shilingi mia nane za Kenya. Siku mbili limerudi, swichi inafanya kazi, nikamshukuru. Nyumbani nalichomeka, sauti imekuwa nyembamba, kama redio yenye betri zinazokufa. Nkafikiri ni masikio yangu. Mwezi mzima nafikiri ni masikio yangu! Siku nimelifungua kubadili nyuzi, naona pikapu ya nyuma ina waya za rangi tofauti na ya mbele. Si yangu ile.

Nilimrudia, akaniapia. Sina picha, sina alama, nitasema nini?

Kwa hiyo wewe, kabla hujaliacha popote, dukani au barazani, piga picha. Lako ni kavu, basi piga kibandiko cha ndani ya tundu chenye namba, vikazio kwa nyuma, briji kwa karibu, na kila mkwaruzo ulioko. Zipige mbele yake. Mwizi ataona, na asiye mwizi hatakasirika.

#11 Mzee_wa_Rithim

Vijana, nimesoma yote. Nimepiga gitaa la rithim tangu mnashikwa mikono kuvuka barabara, naombeni dakika zenu.

Zamani mpiga gitaa wa bendi hakuwa na gitaa. Vyombo vilikuwa vya mwenye bendi, iwe NUTA ya wafanyakazi, iwe jeshi, iwe DDC, shirika la maendeleo la Dar. Ukihama bendi unaondoka na vidole vyako. Kwa hiyo hata fundi hatukumtafuta sisi, alikuwa mtu wa bendi, mara nyingi mpigaji mwenzetu aliyechoka kusubiri. Nyumbani tulijifunzia galatoni. Jina hilo limetokana na Gallotone, magitaa ya bei poa kutoka Afrika Kusini, na msiyadharau maana John Lennon wa Beatles naye aliwika nayo mwanzoni, Gallotone Champion, ndani yake kuna kibandiko kinachoahidi kwamba halitapasuka. Mimi yangu ilipasuka. Kibandiko kilibaki kizima.

Sasa nirudi kwa fundi wako. Hapa kwetu hakuna chuo anachotoka fundi wa gitaa. Wanatoka njia tatu. Kuna aliyekuwa seremala, kuna aliyekuwa fundi redio, kuna aliyekuwa mpigaji. Seremala atakubandikia briji ikashika kuliko ya kiwandani, lakini akiona freti ataisugua kama anasugua mlango. Fundi redio atakufufulia gitaa la umeme lililokufa, ila mwambie shingo imelegea uone atakavyotafuta nyundo. Mpigaji anajua gitaa linavyotakiwa kuwa mkononi, lakini mkono wake kwenye mbao unategemea Mungu. Wachache wamepitia njia mbili. Muulize tu kwa upole, "Fundi, wewe ulianzia wapi?" Atafurahi kukuambia, na wewe utajua umpe kazi gani.

Halafu mwangalie akipokea gitaa. Mjuzi haangalii mbele. Analigeuza, anafumba jicho moja, anaichungulia shingo kuanzia kichwani kama mtu anayelenga bunduki. Anapiga kifua kwa kifundo cha kidole, kogo kogo, anasikiliza kama kuna mbao iliyoachia ndani. Anauliza nyuzi hizi ni namba ngapi, yaani unene wake, na nani alikufungia. Anayetaja bei kabla hajaligeuza, mchukulie gitaa lako uende zako. Huyo wa kaunta na sekunde zake kumi naye yumo.

#12 Mwimbaji_Tabata

Shikamoo mzee. Wa Manzese aliligeuza, nakumbuka. Aliuliza pia nyuzi, nikamwambia sijui, akatabasamu.

#13 Mzee_wa_Rithim

Marahaba. Alikuwa anakupima na wewe.

Na hilo la nyuzi si dogo. Nimeona magitaa ya nyuzi za nailoni, yale yenye shingo pana, watu wamefunga nyuzi za chuma kwa sababu ndizo zilizopatikana dukani. Nyuzi sita za nailoni zinavuta kama kilo arobaini kwa pamoja. Za chuma namba 12 zinavuta kilo sabini na kitu. Baada ya miezi briji inachomoka na kipande cha kifua. Halafu mtu analia kwamba fundi kamwibia.

#14 Kibarua_Huru

Mzee wewe ni hazina. Nafuta maneno ya zeze.

#15 Pakashume

Nimeteleza mpaka uzi wa tatu sasa. Ting.

#16 Soda_na_Waya

Mzee ametusema sisi mafundi redio na amesema kweli. Nina banda langu Temeke, wananiletea magitaa ya umeme, nayapokea. Jeki (tundu la kuchomekea waya) iliyolegea, kiungo cha kuongezea sauti kinachokwaruza, waya wa ethi (wa ardhi), hizo kazi zangu. Kelele ya "mmm" isiyobadilika ukigusa nyuzi lakini inapungua ukigusa chuma cha jeki, waya wa ethi unaokwenda kwenye briji umekatika, nitakuunganishia kwa elfu tano ukinywa soda. Wakinipa shingo nawarudisha. Wananiona naringa. Mmoja alinibembeleza wee, nikakaza kile chuma mpaka kikalia "ka!", na tangu siku hiyo nimejifunza kusema hapana. Gitaa lile nililinunua. Lipo ukutani, silipigi.

#17 Bint_Kongwa

Naongezea moja ambalo halijaguswa, mahali. Mimi nilihamia Dodoma kikazi na gitaa langu la Dar. Mwezi wa nane nikaona ncha za freti zinanichana kiganja, zimechomoza kama meno ya msumeno. Nikajua limeharibika. Nikampelekea kijana mmoja anayetengeneza vinanda vya kanisa, nikitegemea aniambie hela.

Akaniambia, "Dada, freti hazijatoka. Mbao ndiyo imerudi ndani." Mbao ya shingo inanywa unyevu wa Dar, ikija huku kiangazi inakauka na kusinyaa, chuma kinabaki pale pale. Akanipa dawa: kisahani cha sabuni chenye mfuniko, kitoboe matundu, weka kipande cha sponji kilicholowa na kukamuliwa, kiweke ndani ya begi la gitaa. Wiki tatu makali yakapungua nusu. Hakuchukua hela. Magitaa yanapenda unyevu wa asilimia 45 mpaka 55, na nchi yetu imegawanyika, pwani unazidi, huku kiangazi unapungua.

Mwingine angepiga tupa freti zote na ningemlipa na kumshukuru.

#18 Mwimbaji_Tabata

Nashukuru wote. Kwa hiyo nikienda nimpe kazi yote au nimjaribu kwanza?

#19 Freti_ya_12

Mjaribu, ila ujue umjaribu kwa kazi gani. Kuna kazi inayorudi nyuma na kuna isiyorudi.

Akisaga kile kipande cheupe cha kwenye briji akizidisha, unachonga kingine cha mfupa, hasara ni elfu chache. Hesabu yake ni hii: ukitaka nyuzi zishuke milimita moja pale freti ya 12, unasaga milimita mbili chini ya kile kipande. Chuma cha shingo kikigeuzwa robo mzunguko kinageuzwa robo kurudi. Mfereji wa nati ukizidi kina unajazwa kwa unga wa mfupa na supagluu, siyo fahari lakini inashika.

Freti zikipigwa tupa zimekwenda. Mbao ikipigwa msumari imekwenda. Shingo iliyovunjika ikipakwa supagluu kiholela, fundi wa kesho atahangaika kuitoa kabla gundi ya mbao haijakubali kushika, na mpasuko msafi ungekaa kwa gundi ya mbao tu na kubanwa siku nzima.

Kwa hiyo mwanzo mpe kile kipande cha briji peke yake. Ukiona mkono wake, mpe nati na chuma. Akikuomba kugusa freti bila kukuonyesha kwa nini, ondoka.

#20 Mama_Wawili

Naomba kutofautiana kidogo. Ushauri mzuri, ila mnaongea kama mtu ana magitaa matatu na gari. Kutoka Tabata mpaka Manzese kwenda na kurudi, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, na kila mara umebeba gitaa kwenye daladala ya jioni watu wanakusonya. Nauli na muda vinaila ile nafuu yote. Halafu Jumapili kwaya inasubiri. Sisi wengine tunachagua fundi kwa sababu yupo njiani, tunamwomba Mungu.

#21 Freti_ya_12

Dada umenipata. Basi mleta uzi amjaribu kwa safari moja, akae pale pale amwangalie akisaga. Kazi hiyo haizidi saa moja.

#22 Mwimbaji_Tabata

MREJESHO.

Nimeenda Jumamosi asubuhi. Nimepiga picha mbele yake kama Kisauni_Boy alivyosema. Akaniambia, "Piga na hapa," akanionyesha ufa mdogo kama unywele karibu na tundu ambao mimi miaka yote sikuwahi kuuona. "Kesho usije ukasema ni mimi."

Nikamuuliza alianzia wapi. Alianza kwa mjomba wake seremala Morogoro, baadaye akapiga besi kwenye bendi ya hoteli miaka sita. Mzee_wa_Rithim, njia mbili.

Nikamwambia leo tuanze na kipande cha briji tu, nikategemea atanuna. Akasema, "Hiyo elfu nane, kaa kwenye hilo ndoo." Nikakaa kwenye ndoo.

Alilegeza nyuzi, akachomoa kipande kwa koleo iliyofungwa kitambaa ili isiking'ate. Akakichora mstari wa penseli pande zote mbili. Ana kioo cha dirisha kama cha ukubwa wa daftari, juu yake kabandika msasa. Akakisaga hapo, polepole, kikiwa kimesimama wima, akikigeuza kila mara ili kisilale upande. Nikamuuliza kwa nini kioo. "Meza yangu imepinda, kioo hakipindi." Akawa anakinyanyua kwenye mwanga, akikiweka juu ya rula anatazama kama mwanga unapita chini. Alifanya hivyo mara nne au tano kabla mstari haujaisha. Akarudisha, akakaza, tukapima kwa kadi zangu za benki. Alizicheka sana hizo kadi. Tatu zimepita, ya nne imegoma.

Halafu akaona weusi kwenye mifereji ya nati. "Nani kapaka penseli?" Nikamwambia ni mimi, nimeelekezwa. "Aliyekuelekeza anajua. Lakini hii nati ni ya plastiki na imeshakatwa na nyuzi. Niachie, nikuchongee ya mfupa." Mfupa ananunua Vingunguti machinjioni, anauchemsha na sabuni, anauanika mwezi mzima. Kanionyesha kopo limejaa vipande vyeupe kama vidonge.

Nikamuuliza na freti je, maana ya 2 na ya 3 zina vishimo. Akapitisha kucha juu yake. "Zina miaka miwili bado. Zikianza kulia, njoo. Leo sigusi."

Nimemwachia. Kasema Jumatano.

#23 Kibarua_Huru

Hapo kwenye ndoo nimeamini.

#24 Mwimbaji_Tabata

Wakuu leo Alhamisi. Jana nimeenda, baraza imefungwa. Simu haipatikani tangu asubuhi. Jirani yake kasema hajui. Jumapili tuna ibada ya vijana.

#25 Mlipakodi_Mtiifu

Risiti.

#26 Kibarua_Huru

Mbagala hiyo.

#27 Mama_Wawili

Muacheni kwanza. Mtu akifunga siku moja tayari mwizi?

#28 Kisauni_Boy

Picha si unazo, yakhe? Tulia.

#29 Mwimbaji_Tabata

Ijumaa usiku kapiga simu mwenyewe. Alikuwa na msiba Kilosa, amezika shangazi yake, simu iliisha chaji huko kijijini. Kaniomba radhi mpaka nikaona aibu kwa mawazo niliyokuwa nayo. Gitaa lilikuwa ndani kwa mke wake muda wote, na mke alikuwepo. Mimi ndiye niliyeuliza kwa jirani badala ya kubisha hodi.

#30 Mwimbaji_Tabata

Mrejesho wa mwisho. Nimelichukua Jumamosi jioni.

Nati ya mfupa imekaa kama imeota hapo. Chuma cha shingo kakaza robo, kaacha usiku mmoja, kaongeza kidogo sana. Nimepima, karatasi mbili. Nimelipiga nusu saa pale barazani, na hapo ndipo nikasikia uzi wa kwanza ukipigwa mtupu, bila kubonyezwa, kwa nguvu unatoa "zzz" kwa mbali. Nikawaza, hapa ndipo atakaponiambia ni nyuzi zangu.

Akaweka sikio, akapiga mara mbili. "Nimeukata mno huu mfereji. Kosa langu." Akakwangua unga wa mfupa kwenye karatasi, akaudondoshea mferejini, tone moja la gluu kwa ncha ya sindano, akasubiri tukiongea habari za Simba na Yanga, akaukata upya kwa katupa kembamba ka ufunguo. Dakika ishirini. "Zzz" imekwisha. Akasema hiyo ni ya muda, akipata mfupa mzuri atanibadilishia bila hela, nikipita njia hii.

Jumla elfu ishirini na tano, ile elfu nane ikiwa ndani yake. Niliongeza elfu tano ya msiba. Naye akanipa kifuko kidogo cha karanga, ndani ile nati ya zamani ya plastiki. Sikuwa nimeiomba. "Mali yako hiyo," kasema.

#31 Niliyekuwa_Kaunta

Dukani kwetu za zamani tulikuwa tunatupa.

#32 Soda_na_Waya

Namba yake mkuu, nina magitaa mawili ya shingo hapa nayarudisha kila siku.

#33 Mwimbaji_Tabata

Nilimuuliza kama niitoe. Kasema subiri, ana manne ya kumalizia na hataki kuongopea watu siku. Soda, nitakupeleka mwenyewe.

#34 Mzee_wa_Rithim

Na msimsifie sana hapa. Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji.

#35 Pakashume

Nimefika uzi wa sita. Swali moja tu mleta uzi: F inashikika?

#36 Mwimbaji_Tabata

Inashikika. Mtoto wa jirani, miaka kumi na moja, kaishika jana mara ya kwanza, nyuzi zote sita zikatoa sauti. Kanuna, maana sasa hana kisingizio.